Carl Auer von Welsbach

Carl Auer von Welsbach (Vienna, 1 Septemba 1858 – Mölbling, Carinthia, 4 Agosti 1929) alikuwa mwanakemia, mvumbuzi na mwenye viwanda kutoka nchi ya Austria. Anakumbukwa hasa kwa kugundua elementi mbili, neodimiamu na praseodimiamu, mwaka 1885, na kwa kubuni utambi wa taa ya gesi, yaani kile kifuko cheupe cha wavu kinachong'aa ndani ya karabai. Alitengeneza pia balbu ya umeme ya kwanza yenye waya wa metali iliyoweza kuuzwa, pamoja na jiwe dogo linalotoa cheche katika viberiti vya gesi.

Karibu kazi zake zote zilitoka katika chanzo kimoja: kuchunguza namna metali za ardhi adimu zinavyotoa nuru, zinavyoimeza na zinavyobadilika zikipata joto. Katika pwani ya Afrika Mashariki jina lake halijulikani sana, ingawa wavuvi wa dagaa wa Kilwa na Lindi walivua usiku kwa nuru ya uvumbuzi wake kwa muda mrefu wa karne ya 20.

Familia na utoto

Carl alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto wanne wa Alois Auer na mkewe Therese. Baba yake alikuwa mtu wa asili ya kawaida kutoka mji wa Wels, aliyepanda kwa juhudi zake mpaka akawa mkurugenzi wa kiwanda cha uchapaji cha dola la Austria mjini Vienna. Alijifunza lugha nyingi, akakusanya herufi za maandishi ya mataifa mbalimbali, na akaendeleza mbinu ya kuchapa picha za majani kwa kuyabana kwenye bamba laini la risasi ili mmea uache alama yake wenyewe. Mwaka 1860 alipewa cheo cha ukabaila, na ndipo jina la von Welsbach lilipoongezwa kwenye jina la familia.

Alois Auer alifariki mwaka 1869, Carl akiwa hajatimiza miaka 11. Kijana alisoma shule za Vienna hadi mwaka 1877, akatumikia jeshi kwa mwaka mmoja, kisha akaanza masomo ya juu ya sayansi katika mji huohuo.

Masomo huko Heidelberg

Mwaka 1880 Auer alikwenda Ujerumani kusoma katika Chuo Kikuu cha Heidelberg chini ya Robert Bunsen. Huyu ndiye Bunsen ambaye jina lake linatajwa katika kila maabara ya shule kwa sababu ya taa yake ya gesi. Wanafunzi wengi huishia hapo, lakini taa ile ilikuwa chombo tu cha kazi kubwa zaidi. Pamoja na Gustav Kirchhoff, Bunsen alionyesha kwamba kila elementi ikiunguzwa katika mwali safi hutoa mistari yake ya rangi, isiyofanana na ya elementi nyingine yoyote. Kifaa cha kutazamia mistari hiyo huitwa spektroskopu. Kwa njia hiyo wawili hao waligundua elementi za sesiamu na rubidiamu mnamo miaka ya 1860 na 1861.

Auer alijifunza ufundi huo kwa mikono ya mwenyewe aliyeuanzisha. Alipata shahada ya udaktari mwezi Februari 1882, akarudi Vienna na kufanya kazi bila mshahara katika maabara ya profesa Adolf Lieben. Alichagua kushughulikia metali za ardhi adimu, somo ambalo wanakemia wengi waliliogopa.

Jina la ardhi adimu linapotosha kidogo. Wanakemia wa zamani waliita "ardhi" oksaidi yoyote isiyoyeyuka kwa moto wa kawaida, na hizi ziliitwa adimu kwa sababu zilipatikana kwanza katika mawe machache ya Skandinavia. Seriamu, kwa mfano, si haba kuliko shaba katika gamba la dunia. Ugumu wake ni mwingine. Metali hizi hukaa pamoja katika jiwe moja na tabia zao za kikemia zinafanana mno, hata kuzitenganisha ni kama kutenganisha chumvi na chumvi.

Pacha wawili wa didimiamu

Mwaka 1841 Carl Gustaf Mosander wa Sweden alitangaza metali mpya aliyoiita didimiamu, kwa maana ya pacha, kwa sababu iliambatana na lanthanamu kila mahali. Kwa zaidi ya miaka 40 didimiamu ilihesabiwa kuwa elementi kamili. Hata Dmitri Mendeleev aliiweka katika jedwali lake. Baadhi ya wataalamu walikwisha kuhisi kwamba kuna mchanganyiko ndani yake, lakini kuhisi hakukutosha.

Auer alitumia njia ya kuunda fuwele kidogokidogo. Alitengeneza chumvi pacha za nitrati ya amonia na didimiamu, akaziyeyusha katika maji, akaacha sehemu yake igande kuwa fuwele, akatenganisha fuwele na maji yaliyobaki, kisha akaanza tena kwa kila fungu. Chumvi ya metali moja huwahi kuganda kidogo tu kuliko ya nyingine. Kwa mzunguko mmoja tofauti haionekani kabisa, na ndiyo sababu alirudia kazi ile zaidi ya mara 100.

Kilichomwongoza katika kazi hiyo hakikuwa mizani. Kilikuwa nuru. Nuru nyeupe ikipita katika maji yenye didimiamu, spektroskopu huonyesha mistari myeusi mahali ambapo rangi fulani zimemezwa. Kama didimiamu ingekuwa elementi moja, mistari yote ingefifia au kukolea kwa pamoja. Auer aliona vinginevyo: katika mafungu ya upande mmoja mstari mpana wa sehemu ya njano ulizidi kukolea huku mistari ya sehemu ya buluu ikitoweka, na upande wa pili ikawa kinyume chake. Hata kwa macho matupu mafungu yalianza kutofautiana, haya yakiwa na rangi ya waridi inayoelekea zambarau, yale yakiwa ya kijani.

Tarehe 18 Juni 1885 aliwasilisha matokeo yake mbele ya Chuo cha Sayansi cha Vienna. Metali yenye chumvi za waridi aliiita neodimiamu, yaani pacha mpya, na ile ya kijani praseodimiamu, yaani pacha wa kijani. Alikuwa na umri wa miaka 26. Si wote waliomwamini mara moja, lakini Bunsen, ambaye mwenyewe alikuwa ameichunguza didimiamu kwa miaka, aliikubali kazi ya mwanafunzi wake.

Jina la didimiamu halikufa kabisa. Hadi leo mafundi wanaoyeyusha vioo huvaa miwani ya kioo chenye mchanganyiko huo wa pacha wawili, kwa sababu humeza ule mng'ao mkali wa njano wa sodiamu na kumwezesha fundi kuona kazi yake ndani ya moto.

Taa ya gesi

Katika kuchunguza mistari ya nuru, Auer alipata shida ndogo ya kiufundi: tone la chumvi lililowekwa kwenye waya wa platini liliisha upesi mno katika mwali. Akajaribu kulowesha uzi wa pamba katika maji ya chumvi na kuuchoma. Pamba iliungua, lakini majivu yalibaki na umbo la uzi uleule, nayo yakang'aa kwa nguvu isiyotarajiwa. Hapo ndipo wazo la taa lilipozaliwa.

Miji ya Ulaya ya wakati huo ilimulikwa kwa gesi ya makaa ya mawe. Mwali wake ulikuwa wa njano, wenye moshi, na ulitumia gesi nyingi kwa nuru kidogo. Mwaka 1885 Auer aliomba hataza ya kifuko cha wavu wa pamba kilicholoweshwa chumvi za magnesiamu, lanthanamu na itriamu. Kikichomwa, pamba ilitoweka na kuacha wavu wa oksaidi uliong'aa juu ya mwali usio na rangi wa taa ya Bunsen.

Mwaka 1887 alianzisha kiwanda huko Atzgersdorf, karibu na Vienna. Biashara ilianguka. Nuru ya vifuko vile ilikuwa ya kijani na baridi, uso wa mtu ukaonekana kama wa mgonjwa, na wavu ulivunjika kwa mtikisiko mdogo. Kufikia mwaka 1889 kiwanda kilikuwa kimefungwa, na waliotia fedha zao wakakata tamaa. Kwa wakati huo balbu ya umeme ya Thomas Edison ilikuwa tayari sokoni, na wengi waliona mambo ya gesi yamepitwa na wakati.

Auer hakuacha. Alikuwa amekwisha kuona kwamba oksaidi ya thoriamu inaleta wavu imara na nuru nzuri. Lakini lilitokea jambo la kutatanisha: kadiri alivyozidi kuisafisha thoriamu, ndivyo nuru ilivyozidi kupungua. Mtu mwingine angeweza kudhani amekosea kipimo. Yeye alitambua kwamba kile alichokuwa akikiondoa kama uchafu ndicho kilichotoa nuru. Uchafu huo ulikuwa seriamu. Baada ya kujaribu viwango vingi alifikia mchanganyiko wa asilimia 99 za oksaidi ya thoriamu na asilimia 1 ya oksaidi ya seriamu. Ukipunguza seriamu, taa hufifia. Ukiizidisha, hufifia pia.

Taa mpya iliwashwa hadharani mjini Vienna tarehe 4 Novemba 1891, mbele ya mkahawa mmoja karibu na jumba la opera. Safari hii watu waliikubali. Katika miaka michache taa hizo zilienea katika miji ya Ulaya na Marekani, na Auer, ambaye muda mfupi kabla yake alikuwa mvumbuzi aliyeshindwa, akawa tajiri mkubwa.

Sababu ya kung'aa kwake ilieleweka vizuri baadaye. Mnamo mwaka 1906 mwanafizikia Heinrich Rubens wa Berlin alipima nuru ya utambi huo, sehemu moja ya rangi baada ya nyingine. Kitu cheusi cha kawaida kikipata moto, kama mkaa au chuma, hupoteza nguvu zake nyingi kwa kutoa miale ya infraredi, ambayo ni joto lisiloonekana. Thoriamu hutoa miale hiyo kwa uchache sana, kwa hiyo haipoi upesi na hubaki na joto kali ndani ya mwali. Seriamu ile kidogo ndiyo inayotoa nuru inayoonekana, hasa upande wa buluu na kijani. Ikizidi, huongeza pia upotevu wa joto, na utambi hupoa. Jibu la asilimia 1 ambalo Auer alilipata kwa subira na macho lilithibitika kwa vipimo.

Balbu ya osmiamu na jiwe la kiberiti

Ijapokuwa utajiri wake ulitoka katika gesi, Auer hakudharau umeme. Balbu za wakati huo zilikuwa na uzi wa kaboni uliochakaa upesi. Mwaka 1898 aliomba hataza ya balbu yenye waya wa osmiamu, metali inayoyeyuka kwenye joto la takriban sentigredi 3,000. Ilianza kuuzwa mwaka 1902. Osmiamu ilikuwa ghali na dhaifu kwa mtikisiko, kwa hiyo nafasi yake ilichukuliwa upesi na tangsteni, lakini njia ya waya wa metali ilikuwa imefunguliwa. Jina la biashara la Osram, lililosajiliwa mwaka 1906, limeunganisha osmiamu na wolframu, ambalo ni jina la Kijerumani la tangsteni.

Uvumbuzi uliofuata ulitokana na taka. Thoriamu ya tambi za taa ilitolewa katika mchanga wa monaziti, ulioletwa hasa kutoka Brazili na baadaye India. Thoriamu ni sehemu ndogo tu ya mchanga huo. Sehemu kubwa ni seriamu, lanthanamu na wenzao, na viwanda vilizitupa kwa milima. Auer aliona kwamba metali ya seriamu ikichanganywa na chuma, takriban asilimia 70 kwa 30, hupata ugumu na kutoa cheche ikikwaruzwa. Vipande vidogo vinavyobanduka huwaka vyenyewe vikikutana na hewa. Alipata hataza mwaka 1903, na mwaka 1907 alianzisha kiwanda cha Treibach huko Carinthia. Kiwanda kipo hadi leo. Kila anayezungusha gurudumu la kiberiti cha gesi cha jiwe anatumia mchanganyiko wa namna hiyo.

Ugomvi juu ya elementi ya 71

Auer alirudi kwenye ardhi adimu kwa umri wake wote. Kuanzia mwaka 1905 alitoa taarifa kwamba iterbiamu, iliyogunduliwa na Jean Charles Galissard de Marignac mwaka 1878, nayo ni mchanganyiko. Mwaka 1907 alitaja sehemu zake mbili kwa majina ya nyota: aldebarani na kasiopeiamu. Lakini Mfaransa Georges Urbain alikuwa amefanya kazi hiyohiyo na kuitangaza mwaka huohuo, akiita elementi mpya luteshiamu, kwa jina la kale la mji wa Paris. Mmarekani Charles James naye alikuwa karibu kufika lakini hakudai lolote.

Wawili hao walishutumiana vikali. Mwaka 1909 kamati ya kimataifa ya uzani wa atomu ilimpa Urbain haki ya kwanza. Urbain mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati hiyo, jambo ambalo leo lisingekubalika kirahisi. Katika nchi zinazosema Kijerumani jina la kasiopeiamu liliendelea kutumika hadi katikati ya karne ya 20. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba sampuli za Auer zilikuwa na elementi ya 71 kwa wingi kuliko zile za kwanza za Urbain.

Katika miaka hiyohiyo kiwanda chake cha Atzgersdorf kilisafisha takriban tani 10 za mabaki ya madini ya uraniamu kutoka St. Joachimsthal (leo Jáchymov nchini Ucheki) na kupata gramu chache za rediamu. Sehemu ya rediamu ya Vienna iliazimwa kwa Ernest Rutherford huko Uingereza, naye aliitumia katika utafiti wake wa atomu.

Karabai katika pwani ya Kilwa na Lindi

Auer alipotangaza pacha wake mwaka 1885, Kilwa Kivinje na Lindi zilikuwa bado bandari za Sultani wa Zanzibar, na Wajerumani walikuwa wanaanza tu kudai nchi ya bara. Mabomba ya gesi ya kumulika mitaa kama ya Vienna hayakujengwa huko. Uvumbuzi wake ulifika kwa njia nyingine, yaani taa inayojitengenezea gesi yenyewe.

Taa hiyo ni karabai. Jina lenyewe lilitokana na taa ya zamani zaidi iliyotumia kabidi, kisha likahamia kwenye taa ya mafuta ya taa yenye pampu, kama vile Petromax ya Ujerumani iliyoanza kutengenezwa mnamo mwaka 1910. Mafuta hutiwa katika tangi la chini na kupigwa pampu. Kwanza bomba hupashwa moto kwa spiriti. Mafuta yakipanda katika bomba lililopata joto hugeuka mvuke, mvuke huchanganyika na hewa, na mchanganyiko huwaka ndani ya utambi wa Auer. Utambi mpya hufungwa ukiwa kitambaa laini, na ukichomwa mara ya kwanza hubaki majivu meupe yaliyosimama kama wavu. Kuanzia hapo hauguswi tena. Nzi akijigonga, au chombo kikiyumba vibaya, hutoboka, na anayekwenda baharini bila akiba ya tambi amejitafutia usiku wa giza.

Kwa wavuvi wa dagaa taa hii ilikuwa chombo cha kazi sawa na wavu. Uvuvi hufanyika siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Karabai huning'inizwa ubavuni mwa chombo. Viumbe wadogo wa maji hufuata nuru, dagaa hufuata viumbe hao, na wakishakusanyika wavu huzungushwa. Mwezi ukiwa mpevu nuru ya taa haina nguvu, na wengi hupumzika. Kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Kilwa Masoko na Lindi mjini, taa za wavuvi zilionekana usiku kama mji uliojengwa juu ya maji. Asubuhi dagaa walianikwa au kukaangwa na kuuzwa hadi mikoa ya mbali, kazi ambayo hushikwa kwa sehemu kubwa na wanawake. Nchi kavu karabai ilimulika arusi, maulidi, ngoma na maduka. Aliyekuwa nayo aliazimwa na mtaa mzima.

Thoriamu ina mnururisho mdogo. Taa ikiwaka hatari yake ni ndogo, lakini vumbi la utambi uliovunjika halifai kuvutwa puani wala kuachwa karibu na chakula. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wamehamia kwenye itriamu, ambayo ilikuwa katika hataza ya kwanza kabisa ya Auer, ile iliyoshindwa.

Siku hizi taa za LED za betri na za jua zimechukua nafasi ya karabai katika vyombo vingi, kwa kuwa mafuta ya taa ni ghali na tambi huvunjika. Hata hivyo seriamu haijaondoka. LED nyeupe ya kawaida hutoa nuru ya buluu, na juu yake kuna unga wa njano wenye itriamu na kiasi kidogo cha seriamu unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa njano, hata macho yakaona weupe.

Utafiti wa baadaye juu ya nuru na metali hizi

Auer alichunguza zaidi chumvi na oksaidi. Metali zenyewe katika hali safi zilipatikana kwa wingi wa kutosha baada ya Vita Kuu ya Pili, na ndipo wanafizikia walipoanza kupima namna zinavyorudisha nuru kabla na baada ya badiliko la awamu. Badiliko la awamu linalofahamika kwa wote ni barafu kuwa maji, lakini metali inaweza kubadilika ikiwa bado yabisi.

Gadoliniamu ni mfano rahisi. Chini ya takriban sentigredi 20 huvutwa na sumaku kama chuma; juu ya hapo huacha tabia hiyo. Katika joto la mchana wa Kilwa kipande cha gadoliniamu hakishikwi na sumaku, lakini kikitolewa katika barafu hushikwa. Vipimo vya miaka ya 1960 vilionyesha kwamba metali za jamii hii zikiingia katika hali ya usumaku, nuru ya infraredi wanayoirudisha hubadilika pia, kwa kuwa ngazi za nishati za elektroni hugawanyika. Kwa hiyo badiliko la ndani linaweza kusomwa kwa nuru kutoka nje bila kuigusa metali. Seriamu nayo ikishindiliwa kwa kanieneo kubwa hupungua ujazo kwa takriban asilimia 15 kwa ghafla, bila kubadili mpangilio wa atomu zake, na vipimo vya nuru vimesaidia kueleza mwenendo wa elektroni katika badiliko hilo.

Mwaka 1996 watafiti wa Amsterdam walionyesha jambo la kushangaza zaidi. Utando mwembamba wa itriamu au lanthanamu hung'aa kama kioo cha kujitazamia. Ukinyweshwa gesi ya hidrojeni hubadilika awamu na kuwa wazi kama kioo cha dirisha, na hidrojeni ikipunguzwa hurudi kung'aa. Hizo ni metali mbili kati ya zile tatu zilizokuwa katika kifuko cha kwanza cha mwaka 1885.

Maisha ya nyumbani na kifo

Baada ya kutajirika Auer alinunua ardhi huko Carinthia, kusini mwa Austria, akajenga jumba aliloliita Welsbach lenye maabara ndani yake. Mwaka 1899 alimwoa Marie Nimpfer, wakapata watoto wanne. Mwaka 1901 Kaisari Franz Joseph alimpa cheo cha Freiherr. Kwa nembo yake alichagua maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya nuru zaidi. Alipenda bustani na upigaji picha, na hakuwa mtu wa mikutano mingi. Sampuli safi za ardhi adimu, ambazo zilimgharimu miaka ya kazi, aliwapa watafiti wa vyuo bila kuwadai malipo. Mwaka 1920 alipewa pete ya heshima ya Werner von Siemens.

Aliendelea na kazi ya maabara hadi mwisho wa maisha yake. Alifariki nyumbani kwake tarehe 4 Agosti 1929, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 71.

Kumbukumbu

Sura yake ilichapwa kwenye noti ya shilingi 20 ya Austria ya mwaka 1956, na pia kwenye sarafu ya mwaka 1958, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake. Mji wa Althofen, karibu na kiwanda cha Treibach, una makumbusho yenye vifaa vyake.

Neodimiamu na praseodimiamu hutafutwa leo kuliko wakati wowote, kwa ajili ya sumaku zenye nguvu za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Nchini Tanzania elementi hizo zimo katika kilima cha Ngualla, Mkoa wa Songwe, ambako mwaka 2023 Serikali ilitia saini makubaliano ya uchimbaji, ikiwa na hisa za asilimia 16 katika kampuni ya ubia.